Picha ya Kipepeo Imeharibika? Isome Kwanza Kabla ya Kugusa Kamera

Homa ni homa, lakini dawa ya malaria haitibu taifodi. Picha ya kipepeo iliyotoka na ukungu iko vivyo hivyo. Nimetembea na wapiga picha wengi kwenye njia za msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, na katika magofu ya Gede, na jambo moja nimeliona likijirudia: picha ikitoka mbaya, mtu hukimbilia vitufe. Anapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), anafunga apacha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga), anabadilisha hali ya kamera, halafu jioni anarudi Malindi mjini na kadi iliyojaa ugonjwa uleule. Kumbe tatizo lilikuwa kiwiko kilichoning'inia hewani, au pembe aliyosimama, au saa aliyofika.

Kabla hujagusa chochote, isome picha. Ikuze kwenye kioo cha kamera hadi asilimia 100 na utazame vitu vitatu kwa mpangilio huu: jicho la kipepeo, ncha za mabawa, kisha ua au jani alilotua. Ukijua kipi kati ya hivyo ni kikali na kipi kimefifia, nusu ya tiba umeshaipata.

Picha ina ukungu, na sijui umetoka wapi

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Watu huliita tatizo moja, ilhali ni manne.

La kwanza: kila kitu kimevutika upande mmoja. Jani, shina na kipepeo vyote vina mstari wa pili pembeni, kana kwamba vimechorwa mara mbili. Hapo mkono wako ndio uliosogea. Lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 100 inamkuza kipepeo, na mtikisiko wako inaukuza kwa kiasi hichohicho. Ile kanuni ya zamani ya kulinganisha kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) na urefu wa lenzi, yaani 1/100 ya sekunde kwa milimita 100, haitoshi ukikaribia kitu kidogo namna hii. Anzia 1/500. Piga goti moja chini, egemeza mkono juu ya goti lililoinuka kwa sehemu yenye nyama iliyo juu kidogo ya kiwiko, kwa sababu mfupa juu ya mfupa huteleza. Toa pumzi nusu, kisha bonyeza polepole. Kitulizi kilichomo ndani ya lenzi kinasaidia, lakini nguvu zake hupungua kadiri unavyokaribia, kwa hiyo usikitegemee peke yake.

La pili: jicho ni kali, miguu ni mikali, ua ni kali, lakini mabawa yamefifia kama feni inayozunguka. Hapo mkono wako hauna kosa. Kipepeo mwenyewe alikuwa anapiga mabawa. Vipepeo wa jamii ya Papilio wana tabia hiyo: hata wakitua kunywa nekta, huendelea kuyatetemesha mabawa ili wasililemee ua. Mmojawao kila mtu wa hapa anamjua, hata kama hajui jina lake. Ni yule mweusi mwenye madoa ya manjano, Papilio demodocus, ambaye viwavi wake hula majani ya mndimu na mlimau nyuma ya nyumba zetu. Kwake 1/500 ni ndogo. Nenda 1/1000, na akiwa na haraka ya kunywa nenda 1/2000. Ukitaka kubaki kwenye kasi ya chini kwa sababu ya giza, mtazame kwa sekunde chache kabla ya kubonyeza. Kila anapohama kutoka kijiua kimoja kwenda kingine, kuna kituo kifupi mabawa yakiwa juu kabisa. Piga hapo.

La tatu: kipepeo na ua lake wote wamefifia, lakini nyasi za chini au jani la nyuma lisilotikisika limetoka safi. Huo ni upepo. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi inavuma pwani yetu, na hata ndani ya magofu unaona vichwa vya maua vikiyumba ifikapo saa nne. Kasi ya shata itakusaidia, ila dawa ya kweli ni mahali. Ingia upande wa pili wa ukuta au wa kichaka, ambako upepo haufiki, ungoje hapo. Vipepeo nao hawapendi kupigwa na upepo. Wamejaa upande huohuo.

La nne: kitu fulani kwenye picha ni kikali sana, lakini si kile ulichotaka. Bawa la mbele ni safi, jicho limefifia; au jani lililo nyuma ni safi na kipepeo mzima ni moshi. Hapo fokasi, yaani ulengaji wa ukali, ilikosea. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe pa kulenga, hupenda kitu kilicho karibu zaidi au chenye mistari mikali, na mabawa yana mistari mikali kuliko jicho. Zima uchaguzi huo. Tumia nukta moja tu, ndogo, uisogeze hadi ikae juu ya kichwa. Tena usilenge kwanza ndipo uihamishe kamera kupanga picha upya: kwa umbali huu, mwili ukiyumba sentimita moja tu, fokasi imekwenda. Mimi hulenga kwa mkono. Naweka lenzi kwenye umbali ninaoutaka, nakaza hapo, kisha najisogeza mbele taratibu, nikibonyeza picha tatu au nne mfululizo jicho linapoingia kwenye ukali. Katika hizo, moja hutoka.

Kuhusu mwanga wa kulipia kasi hizo: kwenye jua kamili likiwa nyuma yako, f/8 (kipimo cha apacha: namba ikikua, tundu hupungua) kwa 1/1000 inahitaji ISO 250 tu au karibu na hapo. Ukiingia kivulini mwanga unaweza kupungua mara 16, na hesabu hiyohiyo inadai ISO 4000. Wengi huogopa namba hiyo. Usiiogope. Chengachenga za ISO hupunguzwa kwenye kompyuta, bawa lililofifia halirudi. Weka kamera kwenye M, yaani hali ya kuchagua mwenyewe, chagua apacha na shata mwenyewe, kisha iachie kamera ISO pekee, ukiipa kikomo cha 6400 ikiwa ni kamera ya miaka ya karibuni.

Bawa moja kali, la pili limeyeyuka

Dalili hii inafanana na ile ya fokasi, lakini angalia vizuri: ukali unapungua hatua kwa hatua kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Fokasi haikukosea. Ulisimama kwa pembe mbaya.

Kila picha ina kina cha fokasi, yaani unene wa kipande cha hewa ambamo vitu hutoka vikali. Kwa makro kipande hicho ni chembamba kuliko watu wanavyodhani. Kwenye kamera yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea picha) ya milimita 36 kwa 24, ukimkuza kitu mpaka ukubwa wake kwenye sensa ulingane na ukubwa wake halisi, f/8 inakupa kina cha milimita moja tu. Unene wa sarafu ya shilingi unakushinda. Ukirudi nyuma hadi kitu kiwe theluthi ya ukubwa wake halisi, kiasi ambacho Papilio mzima anaenea kwenye fremu, f/8 inakupa karibu milimita 6. Hizo ndizo unazo. Suala ni kuzitumia vizuri.

Kipepeo ni kitu bapa. Akifunga mabawa, amekuwa karatasi iliyosimama. Akiyafungua, amekuwa karatasi iliyolala. Mgongo wa kamera ukae sambamba na karatasi hiyo. Mabawa yakifungwa, njoo ubavuni kwake, lenzi ikiwa kwenye kimo chake hasa, si juu wala chini. Mabawa yakifunguliwa, njoo kutoka juu au kutoka nyuma yake, uinamishe kamera mpaka ncha za kushoto na za kulia ziwe kwenye umbali mmoja. Nikimfundisha mtu, humwambia ashike daftari kwa mkono wa kushoto na kamera kwa mkono wa kulia, azoee kuvifanya viwili hivyo vitazamane. Dakika tano za zoezi hilo barazani zina faida kuliko lenzi mpya.

Wengine hukimbilia f/22. Kina kinaongezeka, ndiyo, lakini kuanzia f/16 kwenda juu mwanga unaopenya kwenye tundu dogo hutawanyika, na picha nzima inapoteza makali, kipepeo na majani pamoja. Mimi hukaa kati ya f/8 na f/11. Pembe ikiwa sahihi, hapo panatosha.

Na iwapo mabawa yamekaa nusu, hayakufunguliwa wala hayakufungwa? Chagua jicho, yaache mabawa yafifie. Macho ya mtazamaji huanza na jicho. Akilikuta kali, mengine huyasamehe.

Anaruka kabla sijabonyeza

Tatizo hili haliko kwenye kamera kabisa, na ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu tiba yake inakufanya umjue kipepeo.

Pembeni mwa msitu, vijiji vya Gede vina wakulima wanaofuga vipepeo. Mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993. Wakulima wanalea viwavi hadi wawe pupa, yaani wajifunge ndani ya ganda kabla ya kuwa vipepeo, na pupa hizo zinauzwa kwa majumba ya maonyesho ng'ambo, ili msitu uwe na thamani kwa anayeishi kando yake bila kukatwa. Asubuhi moja nilifika kwa mmoja wao, mzee wa makamo, nikiwa na lenzi shingoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akanipa kigoda, kisha akaketi kunitazama nikimfukuza kipepeo mmoja kuzunguka mlimau wake, mara tatu, mara nne. Mwishowe akasema: "Mwanangu, mngoje anywe kwanza. Asiyekunywa hana subira nawe."

Aliyosema ni kweli tupu. Kipepeo anapotua, sekunde za mwanzo huwa bado anachunguza, tayari kuondoka. Mtazame kichwani: mrija wake wa kunyonyea umejikunja kama utepe. Akiukunjua na kuuzamisha ndani ya ua, hapo ametulia, na sasa unaweza kusogea. Nilikuwa nakwenda mapema mno, siku zote.

Sogea vipi? Yeye huona mwendo kuliko umbo. Kwa hiyo njoo moja kwa moja, usikate mbele yake kwa ubavu, kamera ikiwa tayari usoni ili usije ukainua mikono ukishafika. Shuka chini ukiwa bado mbali. Zaidi ya yote, linda kivuli chako. Kivuli kikimpita tu, ameondoka. Asubuhi jua likiwa chini kivuli ni kirefu, basi kijue kinaangukia wapi kabla hujapiga hatua.

Saa nayo ni dawa. Huku kwetu joto huja mapema. Kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu asubuhi vipepeo wengi wapo kwenye majani yanayopata jua la kwanza, mabawa wazi, wakipasha miili moto. Bado ni wazito. Ukifika saa nne umewakuta wana mbio. Nafahamu usingizi wa alfajiri ni mtamu, lakini picha zangu bora takriban zote ni za saa hiyo.

Kuna njia nyingine ya kuwafanya watulie: wafuate kwenye chakula ambacho si maua. Mvua ikikatika, madume hukusanyika kwenye matope ya njiani kufyonza chumvi, na wakishazama humo unaweza kulala kifudifudi mita moja kutoka kwao. Wale wakubwa wenye nguvu wa jamii ya Charaxes, warukao kama mshale juu ya miti, maua hawayataki kabisa. Wanataka matunda yaliyochacha, utomvu wa miti, hata kinyesi. Ponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, zimiminie pombe ya mnazi kidogo, ziache siku mbili kwenye chombo kilichofunikwa, kisha zipake kwenye gogo lililo mahali penye mwanga unaoupenda. Chagua gogo kwa ajili ya picha, ndipo uweke chambo. Watu wengi hufanya kinyume, wakapata kipepeo mzuri juu ya sahani ya plastiki.

Na ukiwa na mfugaji anayekukaribisha, muombe akuite pupa ikikaribia kupasuka. Niliiona kwa yule mzee. Ganda lilipasuka karibu na kichwa, akatoka mdudu mwenye mabawa madogo yaliyokunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Akajivuta hadi juu ya ganda, akaning'inia. Taratibu mabawa yakaanza kujaa kutoka kwenye shina kwenda nchani, mikunjo ikijinyoosha mmoja baada ya mwingine, na tone jekundu likadondoka kutoka mkiani mwake. Baada ya hapo alining'inia vilevile muda mrefu, akikauka. Kwa wakati huo hawezi kuruka, kwa hiyo kasi kubwa ya shata si lazima. Weka kamera kwenye tripodi, ISO 100, f/11, shata 1/15, na mabawa hayo utayapata yakiwa mapya, bila gamba lililochubuka. Usimguse. Akianguka kabla mabawa hayajakauka, atakuwa kilema maisha yake yote. Wapo wanaoshauri kumtia kipepeo kwenye friji ili apoe asiruke. Sikubaliani nao hata kidogo, na picha zake hujionyesha: miguu imelegea, papasi (zile pembe nyembamba za kichwani) zimelala, na mtu anayewajua vipepeo anaona mara moja kuwa huyu hakutua mwenyewe.

Weupe umeungua, au umekuwa kijivu

Kamera haijui kipepeo ni mweupe. Inachojua ni kiasi cha mwanga kilichoingia, na inajaribu kuufanya uwe wa wastani. Utasikia watu wakisema, "Kipepeo mweupe, ongeza mwanga." Ushauri huo ni sahihi kwa nusu tu. Akijaza fremu yote, kamera itapunguza mwanga na atatoka kijivu. Hapo ndipo unaongeza kwenye kirekebisha mwanga cha kamera, +0.7 au +1. Lakini mara nyingi zaidi ni mdogo katikati ya majani ya kijani kizito. Kamera inayaona majani, inaongeza mwanga, na bawa linaungua mpaka mishipa yake inapotea. Hapo punguza, −0.7 hadi −1. Washa lile onyo la kamera linalowakawaka kwenye sehemu zilizoungua. Bawa likiwakawaka, piga tena.

Arabuko-Sokoke ina mtego wake hapa. Upande wa miti ya mrihi ardhi ni mchanga mweupe, unaorudisha mwanga juu na kuidanganya kamera kuwa kuna mwanga mwingi, hivyo kipepeo anatoka mweusi. Ukivuka kwenda kwenye udongo mwekundu, msitu ni mzito na mambo yanageuka. Niliyoyarekebisha asubuhi upande mmoja huyarudisha kwenye sifuri kabla sijavuka. Hiyo ni desturi tu, lakini imeniokolea picha nyingi.

Jua la adhuhuri ni ugonjwa mwingine. Malindi iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita utosini kabisa. Mabawa ya juu yanang'aa kama bati, kifua kiko gizani. Ukilazimika kupiga saa hiyo, ingia kivulini, au mwekee kipepeo kivuli kwa karatasi nyeupe inayopitisha mwanga, iliyoshikwa na mwenzako kwa utulivu kabla kipepeo hajatua. Fleshi inasaidia kujaza giza la chini, lakini ikiwa tupu huacha doa jeupe kwenye jicho na mng'ao mbaya mabawani. Ifunike kwa plastiki nyeupe iliyokatwa kwenye chupa ya maziwa, uipunguze nguvu hadi −1.7. Ujue pia kuwa kamera nyingi haziruhusu fleshi ya kawaida kwenda zaidi ya 1/200 au 1/250.

Rangi zote zimeingia ukijani

Mwanga uliochujwa na majani ni wa kijani, na bawa jeupe linaupokea. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, kisha sahihisha nyumbani kwa kubonyeza sehemu unayojua ni nyeupe. Ukipiga JPEG, faili la kawaida, weka mizani ya rangi kwenye kivuli, usiiachie kamera. Ni hilo tu.

Picha ni kali, mwanga ni sawa, lakini haipendezi

Hapa vitufe havina msaada. Mpangilio ndio wenye kasoro, na kasoro hiyo mara nyingi iko nyuma ya kipepeo.

Funika kipepeo kwa kidole kwenye kioo, utazame kilichobaki. Je, kuna kijiti kinachomtoka kichwani? Kuna tundu la mwanga kati ya majani linaloita jicho kuliko yeye? Majani ya nyuma ni makali karibu sawa naye? Kipepeo ana madoadoa. Ukimweka mbele ya majani yenye madoadoa ya jua, umemficha kama alivyotaka yeye mwenyewe.

Tiba ni umbali. Anza na umbali kati yake na kilicho nyuma, kabla hata hujafikiria umbali wako na yeye. Ua lililochomoza peke yake, na kichaka kikiwa mita mbili nyuma, litakupa usuli laini hata kwa f/8. Ua lililoegemea kichaka halitakupa, hata ufungue apacha vipi. Ndiyo maana siku hizi simfuati kipepeo. Naanza kwa kutafuta ua lenye usuli mzuri, ndipo nangoja aje. Pale Gede kuta za matumbawe, za kijivu, zilizokula mvua na chumvi karne kadhaa, ni usuli wa ajabu zikiwa mbali kidogo kwenye kivuli: hazina rangi inayoshindana na bawa, na zinampa mtazamaji mahali pa kujua yuko wapi.

Shuka pia. Picha iliyopigwa ukiwa umesimama inamwonyesha kipepeo kama alivyo kwenye sanduku la makumbusho, amebandikwa. Ukishuka hadi kwenye kimo cha jicho lake, nyasi za mbele zinakuwa pazia, usuli unakwenda mbali, na unamkuta ana uso. Hatua moja ya kushoto au kulia nayo inaweza kuubadilisha usuli wote kutoka jani linalong'aa hadi kivuli kitulivu.

Mwachie nafasi mbele ya kichwa kuliko nyuma ya mabawa. Papasi zisikatwe. Nimetupa picha nyingi nilizozipenda kwa sababu ya papasi moja iliyoishia ukingoni mwa fremu, na hakuna programu inayoirudisha kwa uaminifu. Piga ukiwa umebakiza pembeni nafasi ya kutosha, utakata baadaye.

Kwenye banda la maonyesho la vipepeo, wavu ndio unaoharibu usuli. Fungua apacha hadi f/4, msubiri aliyetua katikati ya banda, na uelekeze lenzi kwenye mimea badala ya ukuta.

Picha ni nzuri lakini haiwezekani kujua ni nani

Arabuko-Sokoke ina vipepeo zaidi ya aina 250 katika eneo la takriban kilomita za mraba 420, na baadhi yao huigana. Danaus chrysippus, wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi, ana sumu aliyoirithi kutoka kwenye mimea aliyokula akiwa kiwavi, na ndege hawamtaki. Jike la Hypolimnas misippus halina sumu hiyo, bali limejivika mavazi yaleyale. Tofauti iko kwenye bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi kadhaa katikati yake, Hypolimnas ana doa moja tu karibu na ukingo wa mbele wa bawa hilo. Ukikata bawa la nyuma kwa ajili ya uzuri wa picha, umekata jina lake.

Kwa hiyo kabla ya picha ya moyo, piga mbili za kumbukumbu, hata kama ni za kawaida: moja ya upande wa juu wa mabawa, moja ya upande wa chini. Kwa aina nyingi pande hizo hazifanani hata kidogo.

Natumia simu

Wengi wenu mnatumia simu, na inawezekana. Kosa kubwa ni hali ya makro ya simu, ambayo hukulazimu ufike sentimita tatu au nne kutoka kwa kipepeo. Hakuna atakayekuvumilia hapo, na kivuli cha simu kitamfunika. Tumia lenzi ya mara mbili au mara tatu kama simu inayo, rudi nyuma, kisha kata picha baadaye. Bonyeza kidole juu ya kipepeo mpaka fokasi na mwanga vijifunge, halafu telezesha kidole chini kidogo kupunguza mwanga. Na futa kioo cha lenzi. Vidole vyenye mafuta ya viazi karai vimeharibu picha nyingi kuliko ubovu wa simu.

Picha nzima ina utando, hata kwenye mwanga mzuri

Weusi si weusi, na kila kitu chenye mwanga kina duara hafifu pembeni. Kama ni asubuhi ya kwanza baada ya kutoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi, huo ni mvuke uliogeuka matone kwenye lenzi baridi. Usifute tena na tena, unasambaza tu. Kama utando haukauki, huenda ni chumvi ya bahari. Pwani hii hewa yenyewe inaibeba. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo sana kwanza, kikavu baadaye, maana ukianza na kikavu punje za chumvi zitakwaruza kioo.

Kisha kuna kuvu. Washa tochi, imulike lenzi kutoka nyuma, utazame kutoka mbele. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndizo hizo, na fundi ndiye wa kuziondoa. Hupenda begi la ngozi lililofungwa kabatini miezi mitatu ya masika. Weka lenzi kwenye kopo la plastiki lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, uvibadilishe vikichoka, na uzitoe lenzi zipate mwanga mara kwa mara hata usipopiga.

Asubuhi ya kwenda msituni, iache kamera ndani ya begi lililofungwa, nje ya chumba chenye kiyoyozi, kwa nusu saa kabla ya kuanza. Ukifika, fungua zipu kidogo tu, ingiza mkono, uguse mwili wa kamera kwa mgongo wa kidole. Ukiusikia bado una baridi, funga tena, ungoje.